Dubwana Lisilopunga Mkono

Ndani ya basi la kwenda bustani ya michezo pale Orlando, Wendell, fundi mstaafu wa bustani hiyo, alikaa na dada mmoja aliyekuwa akifoka kama kaibiwa.

"Mzee wangu, lile dubwana la chuma kwenye treni ya kutisha limeganda miaka tisa! Treni ikilipita kwa kasi, wanawasha taa za kumetameta ili tudhani linaturushia mkono. Sisi watoto?"

"Mimi ndiye niliyelizima," alisema Wendell. "Kila liliporusha mkono, zege lililolishikilia lilipasuka, na nyinyi mko chini yake."

"Si mngesema basi!"

"Tungesema, nani angepiga mayowe?"

"Mimi silipigii mayowe. Nalipungia kila Jumamosi, iko siku litanijibu."

Basi likasimama. Dada akashuka, akageuka, akampungia mzee. Mkono wa Wendell ukainuka wenyewe.