Kuhusu Jezi ya Baba Byron na Keki ya Mabingwa

Mheshimiwa mwakilishi wetu wa wadi, Mchungaji uliyetufungulia ukumbi huu wa kanisa, Ndugu Kipkoech, mfadhili wetu uliyetoka Elgon View na mvua yote hii, Kocha Murunga, wazazi na wageni waalikwa, na nyinyi wanariadha wa Klabu ya Sosiani Chini, ambao tangu muingie mnaiangalia ile keki kuliko mnavyoniangalia mimi: chamgei! Mulembe! Hamjambo nyote?

Kwa wasionijua, mimi ni Linah Chepkorir, mwenyekiti wa klabu hii. Wengi wenu niliwafundisha kabla sijastaafu, kwa hivyo mnajua mimi si mtu wa kukosa maneno. Leo nimekosa. Nimesimama hapa mbele yenu na haki ya Mungu sijui kama nimekuja kupongeza, kulia, ama kuchapa mtu. Tangu Jumamosi jioni simu yangu hailali. "Mwalimu, tumeshinda?" Nasema hapana. "Kwa hivyo tumeshindwa?" Nasema ngoja kwanza. Kichwa changu kimevurugika, na mimi nikivurugika huwa naongea sana, kwa hivyo mtanivumilia.

Mnaona hiki nilichoshika? Ni jezi ya klabu, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kama shuka ya hospitali. Amenipatia Wabuge, huyu tunayemwita Baba Byron, pale mlangoni nilipokuwa nikikunja mwavuli. Baba Byron, nakuona hapo nyuma karibu na birika la chai, usijifiche kwa bega la Mama Nekoye. Amenipa hii jezi akaniambia, "Mwalimu, nipokee. Nimewaharibia." Basi. Na kuna wanakamati hapa, sitawataja kwa sababu wanajijua na wamekaa mstari wa mbele, ambao wameniambia niipokee mbele ya watu, nitangaze kwamba Wabuge si wetu tena, ndio klabu ipate heshima. Kwa hivyo kabla niteremke kwa hili jukwaa lazima niseme kama nimeipokea ama sijaipokea. Hiyo ndiyo kazi yangu leo. Hayo mengine yote ni chai.

Lakini wacha niwape sifa wanaostahili. Raundi ya mwisho ya ligi, uwanja umejaa maji, upepo unatoka upande wa Plateau kama umetumwa, na vijana wetu wakasimama imara. Akumu, simama kidogo mama. Huyu binti alirusha mkuki ukaenda ukaenda mpaka yule mzee wa kupima akauangalia kama mtu aliyetupiwa deni. Tangu lini Eldoret tukajivunia mkuki? Sisi hapa mtoto akizaliwa tunaangalia miguu tu, mikono tunaona ni ya kushikia kikombe. Akumu alitupatia pointi ambazo hatukuzipanga, na ikafika mbio za mwisho, zile za mita elfu kumi, tukiwa sawa kabisa na wenzetu wa klabu ya Plateau. Atakayemtanguliza mtu wake hapo ndiye anapanda daraja. Mita elfu kumi, wapendwa! Hiyo si mbio ya kuhofia. Hiyo ni mbio yetu. Mama wengine walianza kukunja viti waende nyumbani.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea, na nataka tupotee pamoja.

Mkimbiaji wetu alikuwa Kipkorir, huyu kijana wa Ainabkoi. Mbele yake tukamweka Baba Byron kama mweka kasi, ama rabbit vile vijana mnasema. Wageni wetu wasiojua, kazi ya huyo ni kukata upepo mbele ya mwenzake, halafu kabla ya mwisho anatoka kwa track, anakaa kwa nyasi, na matokeo yake hayahesabiwi. Miaka na mikaka hiyo ndiyo kazi ya Wabuge kwetu. Mchana anapakia mbao, alfajiri anaongoza vijana kwa barabara ya murram isiyo na lami, na mazoezini tuna sheria moja ambayo hata watoto wa mtaa wanaijua: hakuna kumpita anayeongoza mpaka yeye mwenyewe akae kando. Tuliiweka kwa sababu vijana walikuwa wakishindana kila asubuhi wakiumizana bure. Ni sheria nzuri. Ama nilifikiri ni nzuri, sijui tena.

Basi Kocha Murunga akapanga mpango. Akamwambia Kipkorir, "Wewe ndiye unajua miguu yako. Ukisikia uko tayari, mwambie Wabuge atoke." Mpango mfupi, wazi, na sisi kamati tukautingishia kichwa cha kukubali. Kocha, nakuuliza kwa upendo: na wewe si ulilelewa na mama? Ulifikiri huyu kijana atamwambia nani "toka"? Mtu aliyemlaza kwake alipofika mjini na viatu vya shule? Mtu ambaye mkewe amempakulia ugali mpaka juzi? Kipkorir hata jina lake halitaji, anamwita Baba Byron. Na wewe ukampa neno la kufukuzia kuku ampelekee huyo mtu mbele ya uwanja mzima!

Wakakimbia. Wakauzunguka uwanja lap baada ya lap, Wabuge mbele, Kipkorir nyuma yake, wale wawili wa Plateau nyuma yao. Nikaona Wabuge ameanza kuchoka. Mabega yanapanda, mdomo uko wazi. Nikajiambia, sasa anatoka. Hakutoka. Nikajiambia, sasa Kipkorir anapita. Hakupita. Mwendo ukashuka, ukashuka tena, mpaka hata mimi na goti langu hili ningewashika. Na mnajua nilifanya nini? Nilishangilia! Nilidhani ni mbinu. Nilimwambia jirani yangu, "Angalia vile wanawachezea Plateau!" Kumbe Plateau ndio hao, wamepita kwa nje wawili wote, wanakwenda zao, na watu wetu bado wako kwa foleni!

Wabuge alikuja kutoka wakati kengele ya lap ya mwisho imeshalia. Alijitupa kwa nyasi. Kipkorir naye akafyatuka, akamshika mmoja, akamkaribia wa kwanza, akamkosa kwa kifua. Kwa kifua tu! Plateau wakapanda daraja, sisi tukabaki.

Niliwaita wote wawili nyuma ya choo cha uwanja nikawauliza, kila mmoja peke yake. Kipkorir akaniambia, "Mwalimu, nilijaribu. Nilisema, 'Baba Byron...' nikashindwa kumalizia. Lile neno halikutoka, na kumpita kabla hajakaa kando sikufunzwa." Halafu nikamwita Wabuge. "Na wewe, hukumsikia akikuita?" Akasema, "Nilimsikia vizuri. Kijana aliniita kwa sauti ya kuomba, nikajua amechoka, ananiomba nisimwache. Sasa ningemwachaje?"

Ningemwachaje. Alikuwa amekwisha kabisa, na bado alikuwa anamkatia upepo mtoto ambaye hakuhitaji upepo kukatwa! Mmoja anangoja mwenzake atoke, mwingine anangoja mwenzake apate nguvu, na mbio zinaisha. Nimefundisha shule miaka mingi, nimetatua kesi za kila aina, lakini hii kesi sijui mwenye makosa ni nani. Nimlaumu Kipkorir kwa sababu ana adabu? Nimlaumu Wabuge kwa sababu ana huruma? Na wale mnaonong'ona ati Wabuge aliuza mbio, aibu yenu! Mtu wa kuuza mbio angechagua njia rahisi kuliko kujikimbiza mpaka kutapika.

Usiku nililala nikiwa na hasira na Kipkorir. Nilijiambia, mtu mzima, neno moja tu, limemshinda! Nimekuja hapa leo nikiwa bado na hiyo hasira. Halafu Mheshimiwa, ukasimama ukaongea.

Mheshimiwa, naomba ruhusa yako niseme jambo, na ninalisema kwa heshima yote. Dakika chache zilizopita umetupongeza kwa ushindi. Umesema tumepanda daraja. Umesema kwa uchungu wa mzazi, mpaka ukafuta miwani. Si kosa lako hata kidogo, kosa ni letu: mwaliko tulikutumia kabla ya mashindano, na tuliandika sherehe ya ushindi, kwa sababu sisi watu wa hapa tukisikia neno mbio tunajihesabia ushindi kabla hatujafunga kamba za viatu. Ndio maana hata hiyo keki ya Ndugu Kipkoech imeandikwa MABINGWA, na waridi juu. Sasa nauliza ukumbi mzima: Mheshimiwa alipotupongeza kwa ushindi ambao hatuna, nani alisimama akamwambia? Nani? Kocha alipiga makofi. Wanakamati wangu mnaotaka heshima, mlipiga makofi. Mchungaji, na wewe ulisema amina! Mimi mwenyewe, mwalimu wa kusahihisha watu, nilitabasamu nikaangalia viatu vyangu. Tumejaa ukumbi, hakuna aliyekuwa na mbio wala jasho, tumekaa kwa viti tukinywa chai, na tumeshindwa kusema neno moja kwa mkubwa wetu. Na tunamtaka kijana aliseme akiwa anakimbia?

Mheshimiwa anacheka. Asante, Mheshimiwa, nilikuwa na wasiwasi.

Basi nimeamua hivi, na kama nimekosea mtaniambia, ingawa nimeshaona nyinyi si watu wa kuniambia. Kipkorir, njoo hapa mbele. Njoo, usiogope. Shika hii jezi. Geuka umwangalie Baba Byron pale nyuma. Wanakamati wanasema atoke klabu hii. Wewe ndiye uliyepoteza mbio, wewe ndiye ungekuwa umebebwa juu leo, kwa hivyo mwenye haki ya kusema ni wewe kuliko sisi wote. Lile neno la kocha bado ni lako. Mwambie. Ukilisema, mimi napokea jezi na hatutaongea tena.

Tunakungoja.

Bado tunakungoja, Kipkorir. Hakuna kengele hapa, chukua wakati wako.

Wanakamati, mnaweza kumsaidia. Yeyote. Simama umwambie Wabuge atoke, mbele ya mkewe, mbele ya vijana aliowaamsha alfajiri kwa baridi ya hapa kwetu. Simuoni anayesimama. Mmeanza kuangalia viatu vyenu.

Haya, Kipkorir, futa macho. Nimeridhika. Hilo neno hatuna hapa, na kusema kweli bado sijui kama ni ugonjwa wetu ama ni uzima wetu. Msimu ujao huenda kulikosa kutatugharimu tena na mimi nitapiga kelele tena. Mpelekee jezi yake. Mvalishe wewe mwenyewe, juu ya koti, hivyo hivyo. Mama Nekoye, sogea kidogo apate nafasi.

Ndugu Kipkoech, asante kwa keki na kwa moyo. Tutaila kama ilivyo, maandishi na yote, hatutaki kumkasirisha mpishi. Mheshimiwa, asante kwa pongezi. Tutazitunza mpaka mwaka ujao. Akumu, asante kwa mkono wako. Na Baba Byron, kesho alfajiri tukutane kwa murram kama kawaida, lakini ukichoka, baba, kaa kando mwenyewe. Usingoje kuambiwa, kwa sababu umeona hapa hakuna mwenye mdomo wa kukuambia.

Nimewasikiliza mkinyamaza. Asanteni nyote kwa kunisikiliza nikiongea.