Mbuzi wa Gidioni Wasivuke Ua Wangu

Sogeeni, wanangu, tegeni masikio, maana leo nakufa kweli na sitaki kusikia mtu akicheka. Najua mnanitazama kwa shaka, na haki ni yenu, kwa kuwa majuma mawili yaliyopita nilikufa hapa hapa Bwera, nikalala chali na pamba puani tangu asubuhi hadi adhuhuri, na wilaya nzima ya Kasese haijapata kuona maiti aliyekufa vizuri kunizidi.

Sababu mnaijua. Gidioni, yule mfanyabiashara wa Muhokya mwenye mvi hadi kwenye nyusi, alikuja na mbuzi kumi na wawili kwenye pikapu kumchukua Esperance, mtoto wa miaka kumi na mitano. Na wewe Kasereka, mwanangu wa tatu kuzaliwa lakini wa kwanza kwenye nyama, ulikwisha kukubali nyuma ya mgongo wangu. Ulisema, “Baba, huyu si damu yetu, ni mutoto wa wakimbizi wa Beni. Masomo ya nini?” Mimi miguu ilikuwa imevimba, fimbo siwezi kuinua, basi nikainua akili. Mbuzi wa mahari hawavuki ua wenye msiba, hata mlevi wa kwetu anajua hilo. Nikamwambia mama yenu Anastasie, “Lia.” Akalia, jamani! Alilia hadi mimi mwenyewe nikajihurumia.

Gidioni hakuondoka. Aliingia, akanibana kidole gumba cha mguu. “Hii maiti iko moto!”

“Iko moto kwa hasira,” mama yenu akamjibu. “Umemushika bila kupiga magoti.”

Akapiga magoti! Nzi akatua mdomoni mwangu, akatembea kama afande anayekagua gwaride, sikutikisika. Pikapu ilipopita kona na mbuzi wake wote, nikaketi, nikaomba ugali wa muhogo na mboga ya sombe, na katekista Semu, aliyekuwa katikati ya sala ya wafu, akatorokea dirishani. Dirisha lile hata paka hulifikiria mara mbili.

Haya, mmecheka. Sasa nyamazeni, maana hili sijamsimulia mtu, nami nimesimulia mengi, ya kweli na ya kupikwa. Dada yangu Rusi aliozwa akiwa na miaka kumi na minne. Mimi niliishia darasa la nne, na hata jina langu ni yeye aliyenifundisha kuliandika, kwa mkaa, ukutani. Mbuzi walikuja, nikapewa mguu wa nyuma, nikala, nikalamba vidole. Mwaka haukuisha, akafa kwa uzazi ng'ambo ya mto, kule Kongo. Kwa hiyo Esperance alipovuka mpaka pale Mpondwe, mtoto wa miaka minane, sufuria kichwani, hana mtu mbele wala nyuma, nilisema: huyu atalala kwangu, na atasoma.

Basi shikeni. Nyumba ni ya mama yenu. Kasereka, chukua shamba la huku Bwera, baiskeli na redio. Shamba la kahawa la Ibanda ni la Esperance, lake yeye, si la mume yeyote, na kahawa yake imsomeshe hadi aseme mwenyewe kwamba imetosha. Wazee watasema msichana harithi shamba. Waambieni waje kaburini tubishane, sijawahi kushindwa kwa maneno. Marlène, binti yangu, barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, iliyoandikwa umri wa Esperance na shamba lake, itunze wewe. Gidioni atarudi matanga yakiisha; usimpigie kelele, ichukue barua uende polisi, sheria inasema aliye chini ya miaka kumi na minane si mke wa mtu. Mimi nilikuwa na hila moja tu, nimekwisha kuitumia.

Kasereka, usitazame dari. Inua mkono. Sema mbele ya mama yako kwamba hutaishika kamba ya mbuzi hao. Juu zaidi. Sema tena... Nimesikia. Kinyongo changu nawe kimekwisha, mwanangu. Mimi ule mguu niliula, wewe hujala.

Maji... kidogo tu. Esperance? Mbona umekaa hapa na sare ya shule, na mtihani wa hesabu unaanza saa tatu? Sikilizeni nyote: nikitangulia kabla hajarudi, asiende mtu kumtoa kwenye chumba cha mtihani. Mkinizika siku ya karatasi nyingine, asije kaburini, aandike. Udongo wake ataumwaga matokeo yakitoka. Mungu awafungulie njia, nyote... awape midomo isiyoogopa... Kalamu unazo mbili? Nionyeshe. Vizuri. Bodaboda anapiga honi, nenda. Usinishike mkono, utachelewa... Nenda, mama... Anastasie, acha mlango wazi... nimsikie akienda...