Mama Concilie Kaneza, Kapita Aliyepata Maji ya Mwisho

Ndugu zetu katika Kristo, majirani wa Kiringye, na ninyi wageni mliotoka Uvira na Kamanyola kuja kulia pamoja nasi, amani ya Bwana iwe kwenu. Mimi ni Basile, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, lakini kabla sijafika kwenye siku aliyozaliwa ninapaswa kutua mzigo mmoja, maana yeye mwenyewe aliniagiza niutue hapa, mbele ya jeneza lake, siyo kwa padri peke yake. Mwaka jana, mama akiwa mgonjwa Uvira, nilifungua vane ya juu, ule mlango wa chuma wa mfereji wetu, nikapeleka maji katika shamba langu wakati zamu ilikuwa ya watu wa chini, na mpunga wa Mama Mapendo, ambaye ninamwona ameketi pale kwenye benchi la nyuma, ukakauka ukiwa katika maua. Mliona wote. Nimekwisha kwenda kwa Mapendo kuomba msamaha, leo ninauomba kwenu, na mbele mtaelewa kwa nini mama alitaka jambo hili litangulie.

Marehemu Concilie Kaneza alizaliwa hapa Kiringye tarehe 11 Aprili 1959, mtoto wa tatu wa mzee Ngendakumana, mlimaji wa pamba, akabatizwa mwaka uleule, na tangu utoto wake alijulikana kwa sauti kubwa ya kuimba na kwa kukataa kubebewa mzigo wake. Alianza shule ya msingi Septemba 1966, akasoma mpaka mwaka wa tano, Juni 1971, ndipo mama yake alipougua miguu, na kwa kuwa yeye ndiye alikuwa binti mkubwa nyumbani, akarudishwa kushika jiko na wadogo zake. Hakulalamika, ila mtu akimtania kwamba hakumaliza shule, alikuwa anajibu, "Kugawanya wanafundisha mwaka ya tano, ile ya sita ni ya kuwatoshea ninyi wenye kiburi."

Alilima pamba pamoja na baba yake, halafu kuanzia mwaka 1975 akawa anachukua ndagala, wale dagaa wa ziwani, Uvira na kuwauza sokoni Kamanyola, na ni juu ya lori la kwenda Kamanyola ndiko alikutana na baba yetu, Sévère, ambaye alikalia mfuko wake wa ndagala bila kuangalia, akatukanwa mbele ya abiria wote mpaka akashuka kabla ya kufika alikokuwa anakwenda, na wiki iliyofuata akalipanda lori lilelile, akasimama wima safari nzima. Walifunga ndoa takatifu tarehe 15 Julai 1978, Mungu akawapa watoto watatu, mimi Basile mwaka 1980, Délice mwaka 1983, ambaye ameolewa Kamanyola, na Junior mwaka 1990, ambaye ni motard, dereva wa pikipiki, Uvira. Baba alituacha tarehe 3 Februari 2001 kwa malaria ya kichwa, akamwachia mama shamba la mpunga lililo mara tu baada ya vane ya juu, yaani shamba la kwanza kupata maji.

Kwa wageni wasioujua mfereji wetu, unaanza mtoni kule juu, unashuka ukipita shamba moja baada ya lingine, na desturi ya zamani ilikuwa kwamba wa juu ananywesha kwanza, akishiba anaachilia, na wa mwisho anapata kilichobaki, ao hapati kitu. Hakuna mzee aliyekaa akaitunga sheria hiyo, ni mteremko wa ardhi tu, lakini sisi tulikuwa tumeugeuza mteremko kuwa ukubwa, kwani mtu wa juu alisalimiwa kwanza, aliketishwa mbele kwenye arusi, akitoa neno hakuna aliyemkata, na watoto wake walijua tangu wadogo kwamba wao ni watoto wa juu. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilidhani Mungu ndiye alipanga hivyo.

Novemba 2005 mvua ilichelewa, maji ya mfereji yakawa membamba kama ya kunawia mikono, na kila mtu akasimama na jembe mbele ya shamba lake, macho mekundu, watu waliobatizwa pamoja wakiangaliana kama wezi. Asubuhi moja mama alitoka nyumbani na mfuko mtupu na koleo, tukafikiri anakwenda kulinda shamba letu, kumbe alijaza mfuko udongo, akauziba mlango wa maji yetu sisi wenyewe, akakanyaga mpaka ukakaza, kisha akaanza kushuka kando ya mfereji akisema maji yaanzie mwisho, kwa watu wa chini, yapande zamu kwa zamu mpaka yafike kwake. Mzee Arakaza, ambaye shamba lake lilifuata letu na ambaye yuko hapa leo, alimsimamisha njiani.

"Weye muke ya Sévère, nani alikupa bukubwa hapa?"

"Hakuna muntu."

"Sasa unaamuru kama nani?"

"Siamuru. Minye niko nafunga yangu. Weye kama hautaki, acha yako wazi, watu watapita, wataiona."

Arakaza akacheka, akatema mate, akamwambia kwamba ujane umemharibu akili, na mama akapita. Lakini jua lilipokuwa juu, watu walikuwa wamekwisha kupita mmoja mmoja, wakiangalia mlango wa mama uliofungwa na mlango wa Arakaza uliokuwa wazi, na Arakaza mwenyewe ametusimulia mara nyingi akicheka kwamba shingo ilimwasha kwa kuangaliwa, akatafuta mfuko. Wa tatu akafunga kwa sababu Arakaza amefunga, wa nne kwa sababu ya wa tatu, na msimu ule hakuna shamba lililovuna sana, lakini hakuna lililokufa.

Hivyo ndivyo alivyopata kuwa mkubwa, wapendwa, na familia inataka hilo lijulikane vizuri kwa sababu ndilo fahari yetu, kwamba hakuteuliwa na ofisi, hakuachiwa na baba yake, hakununua, ila alianza kufunga maji yake na watu wakaanza kumuuliza. Walimuuliza kuhusu zamu, halafu kuhusu mipaka, halafu hata kuhusu mabinti wanaotaka kuolewa. Tarehe 18 Januari 2009, baada ya misa, walimaji walikusanyika uwanjani mwa kanisa wakataka kumpa jina la kapita wa maji, yaani msimamizi wa zamu, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba yeyote atakayekuwa kapita, leo na kesho, shamba lake lipate maji ya mwisho. Mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, cheo ya namna hii nani ataitaka?" naye akajibu, "Ndiyo huyo mutafute," na uwanja mzima ukacheka. Kwa miaka kumi na mitano mpunga wetu ulikuwa wa mwisho kuiva, na Aziza, mfanyabiashara wa muchele kutoka Uvira, alikuwa anafika nyumbani kwetu baada ya kuzunguka kwa wote, akisema, "Dada Concilie, kwa kapita ndiyo natakuta gunia zingali na majani!" Mama alifurahia utani huo kuliko sifa yoyote.

Sitawadanganya kwamba alikuwa malaika, yeye mwenyewe alikataa kudanganywa hivyo. Ukubwa ulianza kumfuata polepole, kwanza kiti cha parokia chenye mikono, kwenye arusi na baadaye barazani kwake, halafu jogoo wakati wa mavuno, halafu watu wakawa wananyamaza akipita, na alipenda, sisi wanawe tulimwona akipenda, akajifunza kuwaacha watu wangoje barazani wakati hana kazi yoyote ndani. Sisi nasi tukawa watoto wa Kapita, Délice akawa hachoti tena maji kwa foleni, na mimi nikawa ninaongea nikitazama juu ya vichwa vya watu. Hii iliendelea mpaka siku moja ya mwaka 2014, mzee Arakaza alipokuja kuomba zamu yake isogezwe, akavua kofia, akachuchumaa mbele ya kiti cha mama. Mama akashtuka.

"Arakaza, si weye ndiye ulinitukana pale mfereji? Simama."

"Minye niko sawa hapa chini, Kapita."

"Na ile siku mbona haukuchuchumaa?"

"Ile siku ulikuwa muntu," mzee akamjibu, bila ubaya, kama anayemweleza njia ya kwenda sokoni. "Leo uko kapita."

Mama hakula siku ile. Kesho yake alikirudisha kile kiti parokiani, akakataza jogoo, akawa anakwenda yeye kwa watu badala ya watu kuja kwake, na kila mwaka kabla ya kulima aliwauliza walimaji kama wanataka mwingine. Kila mwaka walipiga makofi wakasema hapana, naye alirudi nyumbani na furaha nusu. Aliniambia kwamba makofi yale yalikuwa yanakuja upesi mno, kama watu wasiosikia swali.

Kuhusu ugonjwa, tangu 2016 marehemu alikuwa na tension, yaani shinikizo la damu, akafuata dawa kwa uaminifu, lakini tarehe 2 Machi 2024 alianguka akiwa anasafisha mfereji, upande mmoja wa mwili ukafa, tukampeleka Uvira, akatibiwa hospitalini, kisha akakaa kwa Junior ili awe karibu na madaktari. Ni katika miezi hiyo nilifanya nililolisema mwanzoni. Mpunga wangu ulikuwa unageuka njano, zamu ilikuwa ya chini, nikaenda na ufunguo wa vane aliokuwa anautunza mama kama kapita, na Mapendo alipopanda kuniuliza, nilimwambia maneno ambayo yananichoma mpaka sasa, "Minye ni mutoto wa Kapita, iko nini?" Aliangalia chini, akarudi. Wanaume watano walikuwa pale na majembe, wote wakaangalia chini.

Aziza ndiye aliyempelekea mama habari bila kujua, akimwambia kwamba mwaka huu hakununua kitu kwa Mapendo kwa sababu hapakuwa na kitu. Mama akaniita. Nilifika Uvira tarehe 14 Juni, nikiwa nimejiandaa kwa matusi, nimetayarisha hata machozi, lakini hakunitukana. Ulimi wake ulikuwa mzito, ikabidi niiname.

"Nani alikukataza?"

"Hakuna, mama."

"Arakaza?"

"Alikuwa pale. Hakusema."

"Hata muntu mumoja, Basile? Hata mwanamuke?"

Nikamwambia Mapendo aliuliza mara moja, akaenda. Mama akageuza uso ukutani, akalia kwa jicho moja, lile lililokuwa bado linafanya kazi, akasema, "Basi niliharibu. Nilifikiri niko nawafundisha kugawa maji, kumbe nilikuwa nawafundisha kuniogopa, na weye umerithi woga wao kama vile ni shamba." Hapo ndipo nilivunjika, nikapiga magoti kweli, siyo yale ya kutayarisha. Aliniagiza nirudi nikaombe msamaha, nikafanya, nikampa Mapendo nusu ya mpunga wangu, naye akaupokea akisema tu, "Nilidhani utakuja mapema kuliko hivi," na alikuwa na haki. Aliniagiza pia kwamba siku ya kumzika niseme wazi mtu asirithi kazi yake kwa sababu ya tumbo lililomzaa.

Marehemu Concilie Kaneza alilala katika Bwana tarehe 6 Februari 2025, saa nne asubuhi, Uvira, akiwa amepokea sakramenti, mkono wake mzima ukiwa katika mkono wa Délice. Ameacha watoto watatu, wajukuu kumi na mmoja, na mfereji ambao maji yake yanaanzia mwisho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Uvira ambao hawakuchoka naye, inamshukuru Aziza ambaye, pamoja na kuwa Mwislamu mwenye swala na duka lake, alimpikia uji kila siku na kumwimbia nyimbo zake za kanisa akizikosea maneno kwa makusudi ili mama acheke, inawashukuru motards wenzake na Junior waliotangulia mbele ya mwili tangu Uvira mpaka hapa, padri wetu, majirani waliochota maji na kukata kuni, na walimaji wote wa mfereji, wa juu na wa chini, mliochimba kaburi hili pamoja.

Mama, umefanya kazi yako yote, na ile uliyoiharibu umeitaja kabla ya kwenda, jambo ambalo wakubwa wachache wanaliweza, nasi tunajivuna kuitwa wanao, basi lala salama mikononi mwa Mungu aliyekuumba.

Na ninyi wapendwa, jana jioni, hapa matangani, wazee walinikaribisha nikae mbele, wakaanza kuniita Kapita, na nitaungama na hili pia, sikusema hapana, nilikaa, na jina likanikaa vizuri masikioni. Kwa hiyo ninawaomba mbele ya jeneza la mama, tukitoka makaburini kila mtu aniite Basile.