Zumari la Tinia

Penye benchi la kinyozi, Pireo bandarini, watu walikuja kunyolewa wakabaki kutwa wanabishana. Filina aliuza supu ya dengu hapo hapo, na siku hiyo aliusikiliza ubishi wao kuliko alivyoitazama sufuria. Kesho yake wanaume wa mtaa wangepiga kura kuwafukuza wapiga zumari wote, na mwanawe Tinia hajui kazi nyingine. Mwanamke hana kura. Ana mdomo tu.

— Mwalimu wangu kasema zumari linalegeza roho, alianza Eutikle, waliyembandika jina la Ndevu, huku akinyolewa. — Roho ikilegea, na sheria zinalegea.

— Umeona! akadakia Smikro Kibyongo. — Jirani yangu kalisikia arusini, asubuhi kamjibu hakimu jeuri.

— Hilo dogo, kinyozi akasema, wembe hewani. — Mfalme wa Uajemi ndiye anayetuletea hao watu. Tukishalainika kama jibini, anaingia.

— Hata kuku wangu! Smikro akaongeza. — Tangu walisikie, wanataka kumchagua jogoo kwa kura!

Filina akashindwa kuvumilia.

— Wanaume wazima mnaogopa mwanzi wenye matundu?

— Mama, nyamaza, Ndevu akasema. — Huna elimu.

— Sina. Ila wewe Ndevu ulicheza arusini kwako mpaka shuka likakudondoka. Nani alikupigia, si Tinia?

Benchi zima likaangua kicheko. Ndevu akavimba.

— Ndiyo maana nataka wafukuzwe!

Hapo akafika mgeni, mpiga makasia, kigodoro chake cha kukalia kwapani, viganja vimechubuka. Akasikiliza, akakuna kichwa.

— Samahanini wazee wangu. Merikebu yetu ya vita ina makasia mia na sabini, na zumari ndilo linalotupa mdundo. Likifukuzwa, tutavuta pamoja kwa kitu gani?

Kinyozi akaukagua wembe. Smikro akatazama vidole vyake vya miguu.

— Kwa... kwa hekima, Ndevu akasema.

— Haya mzee, ipige basi, niusikie mdundo wake.

Jamani, walicheka! Ndevu akakusanya shuka lake, akaondoka bila kuaga, nusu ya kidevu imenyolewa.

— Kesho kwenye kura mkono wangu hauinuki kuwafukuza, kinyozi akasema.

— Wala wangu, akasema Smikro. — Kuku wajitawale.

Filina akamjazia yule mgeni bakuli mpaka likafurika, akageukia bandari, akapiga vigelegele hata mabaharia merikebuni wakaitikia.