Wote Tukosee Pamoja

Haya niliyapata kwa Odile, muuza kahawa wa Gretna, pale ng'ambo ya mto ukitokea New Orleans. Alikuwepo, akasikia kwa masikio yake, akanisimulia siku moja tukimenya kamba jikoni kwake. Machozi yalikuwa yanamtoka, na kitunguu hatujakata hata kimoja. Sogeeni basi. We mtoto, muachie mwenzio blanketi.

Nje ya dirisha la Odile kuna benchi la mbao limeegemea ukuta wa dobi, na kila asubuhi wanakaa hapo wazee wanne waliowahi kucheza ule mpira wa yai, mpira wa kugongana, tena wa mshahara, kwenye timu kubwa ya mji. Majina yao ya kanisani watu wamesahau, yamebaki ya kijiweni. Nanga alikuwa mtu wa katikati kwenye ule mstari wa mbele wa kuzuia, wenyewe wanauita ukuta: anainama, anashika mpira chini, anaupitisha nyuma katikati ya miguu yake, halafu anapigwa. Bawaba alikuwa kulia kwake, Saruji kushoto kwake. Kidole, kamwili kadogo, yeye kazi yake ilikuwa kuupiga kwa mguu upite katikati ya milingoti, kisha arudi kukaa na nguo zake safi. Jumatatu hiyo ya Januari walikuwa na misiba miwili. Wa kwanza ulikuwa wa mji mzima: jana yake, huko kaskazini kwenye theluji, vijana wetu walikuwa nyuma kwa pointi mbili, saa inakwisha, wakapiga mpira ukagonga mlingoti ukarudi. Msimu ukafia hapo. Msiba wa pili ulikuwa wao peke yao. Kichwa cha Nanga kilikuwa kinamtoka kidogo kidogo, kichwa kilichogongwa miaka na miaka, na binti yake Celestine alikuwa anakuja siku hiyo kutoka Houston kuamua kama baba abaki hapa au aende naye huko, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Kidole ndiye aliyeanza, kahawa hata haijapoa.

— Upepo! Mimi nimepiga mpira kule, nawaambia. Upepo wa kule unachukua mpira kama mama mkwe anavyomchukua mtoto wako. Haurudi ulivyoutoa.

— Toka hapa na upepo wako, alisema Saruji. Kila ulipokosa wewe ulikuwa upepo. Hata kwenye uwanja wenye paa, babu wee, ulisema upepo!

— Mlango ulikuwa wazi!

— Mlango! Odile, umemsikia? Mlango!

— Nimemsikia, alisema Odile dirishani. Tangu nimuoe mume wangu nausikia mlango huo.

— Wewe ndiye uliyemuoa?

— Sasa yule angemuoa nani?

Wakacheka, akacheka hata Nanga, ingawa yeye alikuwa anacheka nyuma ya wenzake kidogo, kama mtu anayefuata wimbo asioujua maneno. Bawaba peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama barabara. Kila gari jeupe likipinda kona, shingo inamtoka.

— Mimi nawaambia kilichotokea, alisema Saruji, akashusha sauti. Mke wangu. Alikata keki ya Wafalme, ile ya sikukuu ya Mamajusi, kabla ya siku yenyewe.

— Bernadette?

— Bernadette. Nilimwambia, mama, weka kisu chini, Wafalme hawajafika. Akanijibu ana njaa. Mnaona sasa? Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe.

— Inaingiaje hapo hiyo methali? aliuliza Kidole.

— Inaingia tu.

— Yaani mpira ugonge mlingoti huko kwenye theluji kwa sababu ya njaa ya Bernadette?

— Huijui njaa ya Bernadette.

— Basi sikiliza mwenye akili. Ule mlingoti ulisogezwa. Mapumziko yale, walipoleta wanamuziki, nani alikuwa anaangalia mlingoti? Hakuna! Mimi niliupima. Niliweka kijiko kwenye kioo cha televisheni kabla, nikakiweka tena baada. Umesogea nusu kijiko.

— Kijiko gani?

— Cha supu.

— Kwenye televisheni yangu! Ndio maana Bernadette ameamka anaisugua! Bwana wee, wenye televisheni kubwa ya uwanjani wana mtu chini ya ardhi, ana usukani kama wa gari. Anaizungusha milingoti anavyotaka. Umewahi kujiuliza kwa nini nyasi za pale zinatetemeka? Haba na haba hujaza kibaba.

— Hapo umesema kweli, alisema Kidole, naye hakujua kwa nini.

— Bawaba, mbona kimya? Wewe ndiye mwenye uongo mkubwa kuliko sisi. Mwaka ule ulisema refa ana jicho la mbao.

— Alikuwa nalo, alisema Bawaba, akarudi kutazama barabara.

Hapo Nanga akaweka kikombe chake chini, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. Lilikuwa koti la Bawaba, lile la kahawia.

— Mechi saa ngapi leo?

Odile anasema kitambaa chake cha kufutia vyombo kilisimama kwenye kikombe.

— Bado, kaka, alisema Bawaba. Bado sana. Kunywa kahawa.

— Tusichelewe.

— Hatuchelewi.

Alikuwa ameuliza mara kadhaa tangu afike. Mara ya kwanza Kidole alimwambia ukweli, kwamba imekwisha na wamefungwa, na Nanga akalia kama aliyeletewa habari ya kifo. Alipouliza tena Kidole akamwambia tena, naye akalia tena upya, kilio kile kile cha mwanzo. Bawaba akasimama, akamvuta Kidole kando ya benchi, akamwambia: wewe hukukaa ukutani, kwa hiyo hujui, lakini leo utajua. Sisi mtu wa katikati ndiye anayewaangalia maadui na kupiga ukelele twende upande gani. Akikosea, unamfuata hapo hapo alipokosea. Tukikosea wote kwa pamoja, huenda tukapona. Lakini akijifanya mmoja anajua zaidi akaenda kwake, basi kuna mtu nyuma anavunjwa mgongo. Afadhali wote tukosee pamoja. Nanga akisema mechi bado, bado. Na Celestine akija, mdomo wetu mmoja: baba yako mzima.

— Na kama si mzima? aliuliza Kidole.

— Nimesema mzima.

Mimi nawaambia, wanangu, Bawaba hakuwa anamtetea Nanga tu. Mke alikwishamzika, watoto hakujaliwa. Asubuhi alikuwa anaamka kwa sababu kuna benchi, na benchi lilikuwa Nanga. Ukimwondoa huyo, yeye ni mzee mwenye magoti mabovu na redio.

Gari jeupe likapinda kona, likasimama. Akashuka mwanamke mfupi mwenye mabega ya baba yake. Akawabusu mmoja mmoja, na Bawaba akambusu mara mbili, maana ndiye aliyemshika siku ya ubatizo.

— Parrain, akamwita, ndivyo wanavyomwita huko baba wa ubatizo. Hujambo Parrain? Magoti?

— Magoti yapo, mwanangu. Yananiambia mvua kabla ya redio.

— Umekula, Celestine? aliuliza Nanga.

— Nimekula, Baba.

— Odile, mpe mtoto andazi. Haonekani kama amekula.

Odile akampa andazi lenye sukari ya unga, naye akabaki nalo mkononi, sukari ikimwagika kwenye viatu. Akawatazama wale watatu.

— Wajomba, nyie ndio mnaokuwa naye. Mimi niko mbali. Nitafanya mtakavyoniambia. Anakula?

— Anakula! alisema Saruji. Anakula mpaka vyangu!

— Anajua siku?

— Siku? alisema Kidole. Huyu anajua mpaka siku za watakatifu. Juzi kanikumbusha siku ya jina langu, na mimi mwenyewe sina habari.

— Anapotea njia?

— Mwanangu, alisema Bawaba, baba yako ametuongoza sisi kwenye mambo mazito kuliko njia ya kwenda dukani. Muache kwake. Ana nyumba, ana jina hapa, ana sisi. Simba mzee haondolewi porini.

Ilikuwa imetoka vizuri. Bawaba mwenyewe aliona imetoka vizuri, na uso wa Celestine ukalegea, akataka kuamini. Akauma lile andazi. Akatafuna, akameza, ndipo akauliza, tena kwa upole, kama anauliza bei ya nyanya:

— Jana mpira ulipokwisha, nani alimfikisha nyumbani?

Saruji akamtazama Kidole. Mpira waliutazama kwa Saruji, na yeye aliona gari la Kidole limewaka nje, akajua Nanga kapanda. Kidole akamtazama Bawaba. Yeye alimwona Bawaba akimvalisha Nanga koti mlangoni, akajua wanaondoka wote kwa miguu, akaenda zake. Na Bawaba? Bawaba alimvalisha kweli, akamfunga na zipu, lakini alikuwa na hasira ya ule mlingoti, anatukana, hataki mtu. Aliona mlango wa gari la Kidole uko wazi. Akageuka akaondoka bila koti, baridi ikimchoma, akijiona mtu mwema.

— Nimefika nyumbani kwake kumepambazuka, kabla ya kumshusha hapo kona aje kwenu, alisema Celestine. Nimemkuta amekaa ngazini nje, funguo mkononi. Amezijaribu zote mpaka vidole vimechubuka. Aliniambia anamsubiri mwenye hili koti.

Hakupaza sauti. Bora angepaza. Saruji, mtu aliyekuwa akisukuma majitu uwanjani, alikunja kofia yake mpaka ikawa kama kitambaa cha kufutia pua. Kidole akasema, "Mimi nilidhani..." akaishia hapo. Bawaba aliutazama mkono wa Nanga uliotulia pajani, na sasa akaviona vile vidole. Alikuwa amekaa navyo asubuhi nzima, bega kwa bega.

— Parrain, alisema Celestine. Nifanye nini? Niambie wewe. Ukisema abaki, nitamwacha.

Bawaba akageuka kumtazama Nanga.

Ndipo Nanga akaegemea mbele. Akaweka mikono juu ya magoti, akainamisha mgongo ule mpana, akatazama barabarani, kushoto taratibu, kulia taratibu, kama vile kuna watu upande wa pili wamejipanga kumjia. Macho yake, Odile anasema, yalikuwa macho ya mtu aliyepo. Akapiga ukelele, sauti ile ya zamani, ndege wakaruka juu ya paa la dobi:

— Houston!

Uwanjani palikuwa na kelele za watu elfu sabini, kwa hiyo akishasema mtu wa katikati, jirani yake lazima aitikie neno lile lile ili wa pembeni alisikie. Usipoitikia, ukuta hauondoki. Nanga akageuza shingo kumtazama jirani yake wa kulia. Alikuwa anasubiri.

Celestine hakuelewa. Bawaba alielewa. Alijua akikaa kimya tu, basi, kimya tu, binti atalegea na baba atabaki, na kesho watakaa wote hapa. Akatazama tena vile vidole. Akaona kwamba asubuhi hii Nanga hajakosea. Waliokuwa wanakosea pamoja ni wao.

— Houston, alisema Bawaba.

— Houston, alisema Saruji, sauti imekatika katikati.

Na Kidole, ambaye hakusimama ukutani hata siku moja ya maisha yake, akasema polepole:

— Houston.

Nanga akatikisa kichwa kwamba sawa, akasimama, akamwambia binti yake:

— Twende basi. Tusichelewe.

Celestine alitaka kurudisha koti. Bawaba akamwambia muachie, ndani ya gari kuna baridi. Akamsaidia Nanga kuinamisha kichwa kuingia, akampitishia mkanda kifuani, akaujaribu mara mbili kama umeshika. Nanga alimshika mkono akamwambia, "Asante bwana," kwa adabu, kama unavyomwambia mtu usiyemjua aliyekufungulia mlango.

Gari likapinda kona. Kidole akakohoa.

— Lakini ule mlingoti...

— Nyamaza, Ferdinand, alisema Saruji, kwa jina lake la kanisani.

Odile akatoka na birika, limejaa, la moto, bure. Hakuna aliyesogeza kikombe. Bawaba akainuka kwa tabu, akamwambia, "Mimi naenda kulala, Odile." Jua ndiyo kwanza linapanda, watu wanakwenda kazini. Alikwenda hivyo hivyo, akavuta mapazia, akalala na viatu mchana kutwa.

Nyie viatu mmevua, na kiza ndicho hiki kimeshaingia. Huyo mdogo mumsogeze katikati asipate baridi. Fumbeni macho.