Fundi Cherehani Aliyepima Uso Uliolala

Ijumaa ya tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi alasiri, Mama Pindo atazima cherehani yake katika chumba cha ushonaji cha hospitali yetu, akiwa ametimiza miaka thelathini na mitatu na siku kumi na moja za utumishi. Hizo siku kumi na moja ameomba zitajwe. Zilikuwa za majaribio, na mpaka leo hakuna aliyemwambia kama alifaulu.

Aliajiriwa kushona mashuka. Baadaye yakaongezeka mapazia ya wodi, sare za wauguzi na mavazi ya chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyehamisha kamba za gauni la wagonjwa kutoka mgongoni kwenda ubavuni, na tangu siku hiyo wagonjwa wetu wanatembea koridoni kama watu wazima, bila kushika nyuma. Amewapima viuno wafanyakazi wote, Mkurugenzi akiwemo, mwaka baada ya mwaka, na hajawahi kumtajia mtu namba ya mwenzake. Siri hizo zinastaafu pamoja naye, na wengi wetu tumepumua.

Ana ugonjwa mmoja ambao hospitali nzima imeshindwa kuutibu, nao ni kuuliza. Ukimpelekea koti lilegezwe kwapani, utarudi umeeleza kazi yako, shule uliyosoma na kwa nini kwapa lenyewe limechakaa upande mmoja tu. Ugonjwa huo ndio uliomfikisha mahali ambapo fundi cherehani hakutarajiwa kabisa.

Miaka sita iliyopita, Kliniki ya Usingizi ilifunguliwa mlango wa pili kutoka chumba chake. Wanaotibiwa pale ni watu ambao pumzi zao hukatika mara kwa mara wakiwa wamelala, wakaamka wamechoka kuliko walivyolala. Hupewa mashine ya kupeleka nyumbani, inayopuliza hewa kupitia bomba laini hadi kwenye barakoa ya puani, ili koo lisijifunge. Ukielezwa umekaa kwenye kiti, unaona ni jambo jepesi.

Mmoja wao alikuwa dereva wa kreni tuliyemwita Winchi, mtu mpana wa mabega na mpole wa sauti. Alikuwa amesinzia ndani ya kibanda cha kreni huku mzigo wa nondo ukining'inia angani. Hakuna aliyeumia, lakini mwajiri alimteremsha, akampa siku arobaini alete barua ya daktari, la sivyo kiti kingepewa mtu mwingine. Daktari naye alikuwa na sharti lake: angeandika barua baada ya kuona kumbukumbu ya mashine ikionyesha siku thelathini ambazo Winchi amelala nayo saa nne au zaidi. Kumbukumbu ilipofunguliwa mara ya kwanza, ilionyesha saa moja na hewa inayovuja kama paa la kibanda.

Winchi alijitetea kwamba barakoa ile inamzamisha. Analala nchi kavu, alisema, anaamka na maji yanabubujika puani. Sista wa kliniki, ambaye hana mchezo na uvujaji, akawa anakaza mikanda. Kila alipokaza, hewa ilivuja zaidi, naye Winchi akaanza kutembea na alama nyekundu usoni kama mtu aliyepigwa chapa. Mke wake alimwambia Sista bila kuficha kwamba alimleta mume akiwa na pua nzima na angependa kurudi naye hivyo hivyo.

Sista alikwenda kwa Mama Pindo kuomba kitu kimoja tu, kivazi cha bomba. Angemweleza mtu mwingine yeyote vipimo akaondoka. Mama Pindo alivuta kiti akataka kujua bomba linasikia baridi ya nini. Ikabidi aelezwe kwamba mashine ina tangi la maji linaloipa hewa unyevu ili pua isikauke. Kwamba hewa hiyo ya uvuguvugu ikipita kwenye bomba la baridi, mvuke hugeuka maji. "Kumbe ni mfuniko wa sufuria," akasema, na akaanza kukata.

Kivazi cha kwanza alikishona kwa blanketi, safu mbili. Kilikuwa kizito kiasi kwamba bomba lilivuta barakoa hadi kidevuni. Winchi akaleta taarifa kwamba sasa hazami tena, sasa anavutwa na gari. Cha pili kilikuwa cha flana nyepesi, kikakaa vizuri. Mama Pindo akauliza mashine inawekwa wapi nyumbani. Kumbe ilikaa kwenye rafu juu ya kichwa cha kitanda, na kila tone lilikuwa linateremka moja kwa moja puani. Iliposhushwa kwenye kigoda chini ya usawa wa godoro, na Sista alipopunguza unyevu kidogo, maji yakakoma.

Hewa ikaendelea kuvuja. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na nne.

Mama Pindo alipapasa barakoa, akakuta matundu madogo mbele yanayotoa upepo. Akaona amemkamata mwizi, akatayarisha kiraka. Sista alimnyang'anya sindano. Matundu yale, alimwambia, ndiyo njia ya kutolea pumzi iliyotumika. Ukiyaziba, mtu atavuta tena uchafu wake mwenyewe mpaka asubuhi. Mama Pindo alikubali kosa hapo hapo, kisha akauliza habari za yale matundu kwa nusu saa nzima.

Swali lililofuata ndilo lililobadilisha kliniki yetu. Alitaka kujua Winchi alipimwa barakoa akiwa amekaaje. Sista akajibu kwamba alikuwa kwenye kiti, kama wagonjwa wote. "Na analala kwenye kiti?"

Fundi yeyote wa nguo anajua kwamba suruali ya mtu wa kukaa kutwa huwezi kuipima amesimama tu, maana mwili hubadilika. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba na uso hubadilika.

Saa nne asubuhi Mama Pindo aliondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia, akakusanya pini zote isipokuwa moja, ambayo Winchi aliigundua mwenyewe, akatandika blanketi na kumlaza. Mashine ikawashwa. Mashavu yakateleza kuelekea masikioni, taratibu, kama kitambaa kinavyokaa ukikiachia. Mama Pindo akachukua kipande cha uzi mwembamba, akakizungusha pembeni mwa barakoa. Kando ya pua, upande wa kushoto, uzi ukaanza kucheza. Mpira wa ukingo wa barakoa ulikuwa umekunjamana pale kwa kukazwa mno, na upepo ulikuwa unakwenda moja kwa moja jichoni.

Alilegeza mikanda. Sista alifumba macho asione. Mama Pindo akainua barakoa kidogo, akaiacha ijazwe na hewa na ikae yenyewe, na uzi ukatulia. Winchi akageuka ubavu, mto ukasukuma barakoa, uzi ukacheza tena. Mto ukakatwa kona. Bado barakoa ilikuwa inateleza, na hapo mke, aliyekuja naye, akakiri kwamba humpaka mume wake mafuta usoni kila anapokwenda kulala, kwa mapenzi. Mama Pindo akamwambia, "Mpake asubuhi, binti. Kitandani tunamtaka mkavu." Uso ukafutwa, Winchi akalala tena, na uzi haukutikisika popote.

Tulipomwita ainuke, hakuitika. Alikuwa amelala fofofo juu ya meza ya kukatia, na alilala hadi saa saba mchana. Msimamizi wa upasuaji alikuja kuulizia mavazi yake yaliyochelewa, akaambiwa apunguze sauti.

Tangu hapo mke alipiga simu chumba cha ushonaji kila asubuhi kutoa namba ya saa za usiku uliopita. Tano. Sita. Sita na nusu. Kazi haikuanza kabla ya simu. Siku ya kumi na tisa namba ilikuwa mbili, na siku iliyofuata ilikuwa mbili tena. Mama Pindo alimwita Winchi, akamtazama usoni, akaziona alama. Alikuwa amekaza mikanda mwenyewe, kwa usalama. Fundi akailegeza, akaweka alama ya uzi mwekundu pale mkanda unapopaswa kuishia. Zilibaki siku mbili za akiba, na hakuna iliyopotea. Daktari alitia saini barua siku mbili kabla ya mwisho.

Leo kliniki yetu ina kitanda cha kupimia, na kila barakoa huvaliwa mgonjwa akiwa amelala, mashine ikiwa inapuliza. Vivazi vya bomba vilivyotoka kwenye cherehani ya Mama Pindo vimepita mia mbili. Sista hutembea na kipande cha uzi mfukoni, na akiulizwa kifaa hicho kinaitwaje, hujibu kwamba kinaitwa uzi.

Winchi alitaka kumpandisha fundi wake hadi juu ya kreni akaone kazi. Watu wa usalama walikataa katakata. Basi Mama Pindo alikwenda kusimama nje ya uzio kwa muda wake wote wa chakula cha mchana, akiangalia fungu la nondo likishuka kutoka angani, likipunguza mwendo, likigusa ardhi bila vumbi kuinuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka tuliyomfahamu, hakuuliza kitu. Alisema tu, "Huyo jana alilala," akarudi kazini.

Mama Pindo, asante kwa mishono na kwa maswali yaliyotuchosha hadi yakatufundisha. Kuhusu zile siku kumi na moja, tumekutana na tumeamua kwamba ulifaulu. Nenda salama, uishi sana, na ulale vizuri.