Vibaba Vitatu vya Shabu

Kijiwe cha mtaa wa Utemini kilikuwa ubao mmoja wa mkaratusi juu ya mawe mawili, mbele ya birika la Laurenti muuza kahawa. Miaka ile ya Ujamaa kila jambo lilijadiliwa pale mpaka likachakaa, ila asubuhi hiyo walisema kwa sauti ya chini. Wiki tatu nyuma, maji yanayotoka kwenye bwawa la maji machafu la chuo yalifika bondeni yakageuka kijani, na ng'ombe wawili wa mjane Stumai wakanywa, wakafa. Mtunza bwawa alikuwa Damiani, na tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

Aliwaeleza tena maneno ya bwana afya: bwawani mna wadudu wasioonekana, wanakula fosfeti, ile ile ya kwenye mbolea. Ikiwashinda, inatoka na maji na kuotesha ule ukijani wenye sumu. Ndipo ikaletwa shabu, ile chumvi ya kuzamisha uchafu wa maji, kibaba kimoja kwa juma, iwasaidie.

— Mimi nimetia vitatu kwa mara moja, alisema Damiani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Umefanya vyema, alisema Simeoni, waliyemwita Sekenke kwa kuwa aliwahi kuchimba dhahabu huko. Dawa ikizidi, kazi inazidi.

— Wapi, alisema Fabiano Redio. Wale ni wafanyakazi. Ukiwafanyia kazi yao watabweteka. Wape machicha ya pombe ya mtama wachangamke. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Wakilewa je? alisema Sekenke. Shabu inazamisha kila kitu. Chimbeni lile tope, dhahabu iko chini.

Hakuna aliyecheka. Damiani alitamani mmoja wao amwambie hakukosea. Maji yalikuwa yametoka meupe kweli, lakini mapovu ya bwawani, dalili ya wadudu kuwa hai, yalikuwa yamekoma tangu juzi, na hilo hakumwambia mtu. Aliogopa kwamba amewaua wadudu wenyewe.

Stumai akatokea, kamba ya ng'ombe mkononi.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba. Nimebakiwa na mtamba mmoja. Tangu jana nimemfunga, analia kiu. Je, anywe?

— Maji yamekuwa meupe, mama, alisema Damiani.

— Rangi nimeiona, mwanangu. Anywe?

Sekenke aliinamia kikombe chake. Redio, aliyezoea kutangaza kila habari, akajitia kupuliza kahawa yake. Damiani aliyakumbuka mapovu.

Akaweka kahawa yake chini kabla hajaimaliza.

— Laurenti, niazime debe lako nikamchotee mtamba maji, alisema. Bomba liko wapi siku hizi, kule sokoni?